Usemi na Maandishi katika Kumfikia Mkulima: Mfano wa Kahawa ya Ruiru na Thika

Wanaolinganisha usemi na maandishi aghalabu huanza kwa kuorodhesha sifa za kila upande. Usemi una sauti, uso na ishara za mikono; maandishi hudumu, nayo husafiri hadi mahali asipofika mwandishi. Orodha kama hiyo si ya uongo, lakini haielezi kwa nini ujumbe uliotungwa kwa usahihi huweza kumfaa mkulima mmoja na kumtia hasarani jirani yake. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa mfano mmoja, nao ni njia ambayo maarifa ya kilimo cha kahawa yamepitia kutoka kituo cha utafiti cha Ruiru hadi kwa watu wanaoitunza mibuni katika sehemu za Ruiru na Thika, nchini Kenya. Mfano huo umechaguliwa kwa kuwa kosa la mawasiliano ndani yake lina bei. Aliyeupata ujumbe nusu huiona nusu iliyopotea juu ya mti, matunda yakiwa meusi.

Ruiru na Thika ziko kando ya barabara moja itokayo Nairobi kuelekea kaskazini-mashariki. Karibu na Ruiru, katika shamba la Jacaranda, ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa. Tangu mwaka 1964 kiliendeshwa na shirika la utafiti lililogharimiwa na wakulima wenyewe, na kutokana na sheria ya mwaka 2013 kikaingizwa katika shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Thika nayo ina kituo cha utafiti wa mboga, matunda na maharagwe. Kuvizunguka vituo hivyo kulikuwa na mashamba makubwa ya walowezi, ambayo baadhi yake yangali yakilimwa na mengine yamegeuka kuwa mitaa ya nyumba, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012. Juu zaidi, kwenye miinuko ya Gatundu na Gatanga, wamo wakulima wadogo ambao walipanda kahawa kwa wingi hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Kwa hiyo kituo kimoja kimekuwa na wasikilizaji wa aina mbili. Katika shamba kubwa, taarifa ya Kiingereza husomwa na meneja, na kutoka kwake hugeuka amri ya Kiswahili inayotolewa asubuhi na nyapara mbele ya vibarua waliotoka sehemu nyingi za nchi. Kwa mkulima mdogo, taarifa hiyo hufika kwa kinywa cha bwana shamba, kwa baraza la chifu, kwa redio, kwa karatasi iliyobandikwa katika ofisi ya chama cha ushirika, au kwa jirani. Na mara nyingi lugha yake ya mwisho ni Kikuyu. Katika njia zote mbili hakuna anayepokea maandishi matupu wala usemi mtupu. Kila ujumbe hubadilika umbo mara mbili au tatu kabla ya kufika mtini, na ni katika mabadiliko hayo ndimo kitu hupotea.

Ratiba ya dawa

Ugonjwa unaohusika hapa ni ule unaoozesha matunda machanga ya kahawa. Uliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922, upande wa magharibi, kisha ukavuka hadi mashariki ya Bonde la Ufa. Husababishwa na kuvu ambayo wataalamu waliipa mwaka 1993 jina la Colletotrichum kahawae, jina la kisayansi lenye neno la Kiswahili ndani yake. Watanzania wameuita ugonjwa huo chulebuni, nalo ni neno zuri lililokwisha kuzoeleka katika vijitabu vya kilimo. Mkulima wa Gatundu, hata hivyo, huutaja kwa herufi tatu za kifupisho cha Kiingereza, C-B-D, akizitamka kama neno moja, awe anasema Kikuyu au Kiswahili. Ni jambo la kupendeza kwa mwanaisimu kwamba kifupisho, ambacho ni mtoto wa maandishi, kimeingia katika usemi wa watu ambao baadhi yao hawasomi, wakati neno lililoundwa kwa makini limebaki vitabuni upande wa pili wa mpaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti Nutman na Roberts walifikiri kwamba chimbuko kubwa la ugonjwa lilikuwa gome la matawi. Kwa sababu hiyo walishauri dawa zenye madini ya shaba zinyunyizwe mapema, kabla ya mvua za masika. Ushauri huo ulikuwa mwepesi kuuandika na mwepesi kuusema: nyunyiza kabla ya mvua. Uliandikwa, ukasemwa, ukafuatwa. Kisha mvua nyingi za mwaka 1967 na 1968 zikaleta hasara kubwa hata katika mashamba yaliyokuwa yamenyunyizwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba matunda yenyewe yaliyoambukizwa yalikuwa chimbuko muhimu kuliko gome, na ushauri ukageuzwa: dawa ianze karibu na mwanzo wa mvua na irudiwe kila baada ya majuma matatu au manne muda wote wa mvua, wakati matunda yanapokua.

Jambo la tatu lilidhihirika mnamo miaka hiyohiyo, nalo ndilo kiini cha makala haya. Watafiti waliona kwamba mibuni iliyonyunyizwa mara chache tu, au kwa wakati usiofaa, iliweza kuugua zaidi kuliko mibuni isiyonyunyizwa kabisa. Mojawapo ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba dawa huua pia viumbe vidogo vinavyoishi juu ya gome na kushindana na kuvu hiyo. Vikifa, na dawa isiporudiwa, kuvu hupata nafasi ya peke yake. Kwa lugha nyingine, dawa nusu ilikuwa mbaya kuliko kukosa dawa.

Ushauri mpya uliwekwa katika ratiba, yaani jedwali lenye miezi upande mmoja na kipimo cha dawa upande mwingine. Jack Goody, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu athari za kuandika juu ya fikira, alionyesha kwamba jedwali na orodha ni vitu vya maandishi kwa asili yake. Hakuna mtu azungumzaye kwa safu na mistari. Ratiba ya dawa ni ushahidi mzuri wa jambo hilo. Hakuna kichwa kinachoweza kushika tarehe saba na vipimo vyake bila kukosea, na bwana shamba mwenyewe huisoma kutoka mfukoni mwake. Kwa kazi hiyo maandishi hayana mshindani, na ingekuwa ukaidi kudai vinginevyo kwa kupenda tu mapokeo ya kale ya usemi.

Lakini jedwali lilikuwa na upungufu ambao haukuonekana na waliolichora. Lilimwambia mkulima afanye nini iwapo anaweza kuyafanya yote. Meneja wa shamba kubwa alikuwa na fedha, matrekta na dawa ghalani, na kwake ratiba ilitosha. Mkulima mwenye mibuni 200 au 300 alikuwa na fedha za kununulia dawa ya mara mbili, pengine tatu, na pampu ya kuazima. Akiitazama ratiba ile, aliona mistari saba na kuchagua miwili. Hesabu yake ilikuwa ya busara: mtu asiyeweza kupata chakula chote hula alichonacho, na nusu ya palizi ni afadhali kuliko kutopalilia. Katika kazi nyingi za shamba mawazo hayo ni sahihi. Katika hii hayakuwa sahihi, na karatasi haikuwa na mahali pa kumwambia hivyo, kwa sababu aliyeiandika hakumwona akichagua.

Sharti hilo, kwamba anayeanza lazima amalize, hutokea kwa urahisi katika mazungumzo. Halihitaji ufasaha wa bwana shamba, lahitaji mtu mmoja tu katika baraza asimame na kuuliza, "Na mwenye dawa ya mara mbili afanyeje?" Swali likishaulizwa, jibu huja lenyewe, na hulisikia kila aliyekuwapo, pamoja na wale walioona haya kuuliza.

Swali na jibu

Lalamiko kwamba maandishi hayaulizwi ni la kale. Plato, katika mazungumzo yaitwayo Phaedrus, anamfanya Socrates aseme kwamba maneno yaliyoandikwa yanaonekana kuwa na akili, lakini ukiyahoji hurudia jambo lilelile siku zote, na hayajui yanapaswa kusema na nani na kunyamaza mbele ya nani. Mara nyingi hoja hiyo hutumiwa kutetea usemi wote dhidi ya maandishi yote. Mfano wa Ruiru na Thika waonyesha kuwa mpaka umewekwa mahali pasipo pake.

Chukua redio. Shirika la utangazaji la taifa, lililoitwa Sauti ya Kenya hadi mwaka 1989, lilikuwa na vipindi vya wakulima, na hapana shaka sauti yake ilifika katika nyumba nyingi kuliko karatasi yoyote. Redio ni usemi, tena usemi mtamu. Lakini mkulima hawezi kuikatiza. Anayesikia neno "hekta" na asilielewe hana la kufanya. Na tofauti na karatasi, hawezi hata kurudi nyuma na kulisikia tena. Kwa ujumbe wenye sharti, redio imebeba udhaifu wa maandishi bila kubeba nguvu yake. Everett Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya uenezaji wa mambo mapya, alieleza kwamba vyombo vinavyowafikia watu wengi kwa pamoja hufaa katika kuwajulisha watu kwamba jambo lipo, bali uamuzi wa kulifuata huathiriwa zaidi na maongezi ya ana kwa ana. Hilo ni kweli, ila laweza kuongezwa kwamba si maongezi yote ya ana kwa ana yana ukarimu huo. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Kenya iliingiza utaratibu wa mafunzo na ziara, uliopendekezwa na Benki ya Dunia, ambapo bwana shamba alipewa mambo machache ya kufundisha na kuyapeleka kwa wakulima maalumu kwa siku zilizopangwa. Utaratibu huo ulimtoa ofisini, nayo ni sifa yake. Lakini ulimkabidhi ujumbe uliokwisha kufungwa, na bwana shamba anayekariri mambo aliyopewa ni karatasi yenye miguu.

Mkoa wa Kati una ushahidi mwingine, ingawa si wa kahawa. Huko Tetu, Nyeri, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwaalika katika mafunzo mafupi ya mahindi chotara wakulima ambao mabwana shamba walikuwa wamewapita, wakiwapendelea wenye uwezo. Taarifa ya jaribio hilo, iliyotoka mwaka 1973, ilionyesha kwamba wakulima hao waliosahauliwa waliyapanda mahindi hayo na kuwaambukiza majirani. Kilichotendeka katika mafunzo yale hakikuwa siri yoyote ya ufundishaji. Walikaa mahali pamoja na mtu anayejua, kwa muda wa kutosha kuuliza.

Hekta, eka na kopo

Kuna upande ambao usemi umefanya madhara, na haifai kuufunika. Ushauri wa kitaalamu huandikwa kwa kilo na hekta. Kenya iliacha ratili na galoni zamani, lakini kinywa cha mkulima, na cha nyapara vilevile, kingali kikisema eka. Hekta moja ni karibu eka mbili na nusu. Kipimo cha hekta kikitamkwa mara moja tu bila kutajiwa ardhi yake, msikilizaji hukiweka juu ya eka, na dawa yake huwa mara mbili na nusu ya inayotakiwa. Kisha kipimo hicho chapaswa kugeuzwa tena, kwa sababu hakuna mtu anyunyizaye hekta. Hunyunyiza pampu ya mgongoni yenye lita 15 au 20. Hivyo kilo huwa kopo, na kopo ni la nani? Nyapara asemaye "kopo moja kwa pampu moja" ana kopo fulani machoni pake, na kibarua aliyehamia jana ana jingine. Amri hiyo yaweza kupita katika vinywa vinne ikiwa na maneno yaleyale bila kosa hata moja, na bado kipimo kikabadilika njiani. Usemi uliyahifadhi maneno ukapoteza kitu.

Kwa upande huu kibandiko cha chupa kimesaidia kuliko mafunzo mengi. Vibandiko vya dawa nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, vina mstari wa rangi uonyeshao ukali wa sumu, na michoro midogo ya glavu, viatu na maji ya kunawa kwa ajili ya wasiosoma. Kiswahili chake wakati mwingine ni kigumu kama Kiingereza kilichotafsiriwa, na herufi zake ni ndogo mno. Lakini kibandiko kina fadhila moja ambayo karatasi ya ukutani haina: kipo palepale mkono unapopima.

Risiti

Mtu angeweza kudhani, kutokana na yaliyotangulia, kwamba mkulima wa miinuko hiyo hayaamini maandishi. Atazamwe basi siku ya kupeleka matunda kiwandani. Baada ya kuchagua mabivu na kuyatenga mabichi, huyapeleka kwenye mizani. Karani husoma uzito kwa sauti. Mkulima huutazama mshale kwa macho yake. Tarakimu huandikwa pamoja na namba ya mwanachama, nakala moja ikibaki kitabuni na nyingine ikitiwa mfukoni. Mkulima yuleyule aliyeiacha ratiba ya dawa ichakae ukutani atakihifadhi kikaratasi hicho kwa miezi mingi, pengine ndani ya Biblia au sandukuni chini ya nguo, kwa maana malipo hayaji mpaka kahawa imenywe, ikaushwe, ikobolewe na kuuzwa mnadani Nairobi. Neno la karani halingeweza kuishi muda huo wote. Ikizuka tofauti ya kilo, hakuna mkulima atakayetoa hoja ya sauti na ishara za mikono, atatoa risiti.

Tofauti iliyopo kati ya karatasi hizi mbili si ya ufasaha wala ya kiwango cha kusoma. Risiti imezaliwa mbele ya msomaji wake. Kila tarakimu iliyomo iliwahi kusemwa, kusikiwa na kukubaliwa kabla wino haujakauka, na kama ilikuwa na kosa, lilipingwa pale pale. Ratiba ya dawa ilizaliwa Ruiru mezani, na msomaji wake akakutana nayo ikiwa imekwisha kunyamaza.

Namba na majina

Kituo cha Thika kinatoa mfano mwepesi zaidi. Mbegu za maharagwe zilizotokana na mradi wake wa mikunde zilipewa namba: GLP 2, GLP 585, GLP 1004. Sokoni hakuna aulizaye GLP 1004. Watu huuliza Mwezi Moja, kama waulizavyo Rosecoco kwa ile ya kwanza na Wairimu kwa ile ya pili. Sarufi ingetaka "Mwezi Mmoja", na kilimo kingetaka zaidi ya hapo, kwa kuwa hakuna haragwe likomaalo kwa mwezi. Hata hivyo haielekei kwamba kuna mtu aliyedanganywa. Msikilizaji anajua kwamba jina lililosemwa hutia chumvi, na hulipunguza mwenyewe. Namba haitii chumvi na haimwambii mnunuzi kitu chochote. Neno "mbuni" lilikuwa na hatari kubwa zaidi: katika Kiswahili sanifu ni mti wa kahawa, bali katika biashara ya kahawa ya Kenya ni matunda yaliyokaushwa na maganda yake, daraja ya chini na bei ya chini. Kijitabu kiandikacho "tunza mbuni wako" kitaeleweka tofauti Moshi na Thika, wala hakitajua.

Mwaka 1985 kituo cha Ruiru kilitoa aina ya kahawa iliyoitwa Ruiru 11, matokeo ya kazi iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilistahimili chulebuni pamoja na kutu ya majani, na kwa ufupi wa mti wake hekta moja iliweza kuchukua mibuni 2,500 badala ya 1,330. Kwa mkulima asiyemudu ratiba ya dawa, hili lilikuwa jibu lisilohitaji jedwali. Habari zake zilienea kwa midomo. Lakini nayo ilikuwa na sharti lililofichika. Ruiru 11 ni chotara, mbegu zake hutengenezwa kwa kuchavusha maua kwa mkono, na mbegu inayookotwa chini ya mti wake haizai mti ulio sawa na mama yake. Desturi ya jirani kumpa jirani mbegu, ambayo ni njia ya usemi iliyo ya kale na ya ukarimu, iligeuka kuwa njia ya kueneza jina bila kitu chenyewe. Mtu huweza kuwa na kahawa aitayo Ruiru, akashangaa kuiona inaugua. Batian, iliyotolewa mwaka 2010, haina taabu hiyo, kwa kuwa mbegu yake huzaa iliyo mfano wake.

Tangu miaka ya 1990 idadi ya mabwana shamba wa serikali imepungua, na baada ya mwaka 2013 kazi yao imekuwa chini ya serikali za kaunti. Mahali pao simu ya mkononi imeingia. Ujumbe mfupi wa simu ni maandishi, lakini ni maandishi yanayoweza kujibiwa, na kwa hiyo umesimama upande wa baraza kuliko upande wa redio. Mkulima wa Gatundu hupiga picha ya tunda lenye doa jeusi na kuituma kwa mtaalamu pamoja na maneno mawili, "dawa gani?" Mtaalamu aliye makini hataji dawa. Huuliza kwanza mti ulichanua lini, umenyunyizwa mara ngapi, na mbegu ilitoka wapi.